Kununua kwadi ya mtumba Kigoma: ikague ikiwa ya baridi, na uanzie chini

Wakuu habari za saa hizi. Vijana wengi wa hapa mjini na wengine wa Kasulu wamekuwa wananiuliza kuhusu hizi pikipiki za matairi manne, kwadi baiki, wengine wanaziita ATV, maana mtu anaiona imepita njia ya Bangwe jioni inatimua vumbi anaipenda, na yeye anataka ya kwake ya kutembelea wikiendi, kwenda Katonga kula samaki, kuzunguka njia za mashambani kule Kalinzi. Ni kitu kizuri na mi naendesha huu mwaka wa kadhaa sasa. Ila mpya bei yake ni hela ya gari kabisa, kwahiyo wengi wetu tunaangukia mtumba, na kwenye mtumba ndo watu wanapigwa.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Mwaka 2019 niliona kwadi ya cc 250 kwenye picha, muuzaji yuko Dar, plastiki nyekundu inang'aa utadhani imefunguliwa kwenye boksi jana, akanitumia na video anaiwasha inanguruma vizuri. Nikatuma hela ikapakiwa kwenye lori ikaja. Miezi mitatu raha tupu. Siku moja natoka Mahembe nashuka kilima nikasikia "ka!" chini ya mguu wa kushoto, kwadi ikalala upande, nikachubuka goti na kiwiko, namshukuru Mungu haikuniangukia. Bomba la chesisi pale linaposhika kikanyagio limekatika lote. Fundi akachukua bisibisi akaanza kukwangua ile rangi nyeusi ya chini, kutu ikawa inabanduka magamba magamba, makubwa kama ya sangala, na ukiligonga bomba unamwagika unga mwekundu kutoka ndani. Baadae nikaja kujua ilikuwa ya kukodishwa ufukweni, imechezeshwa kwenye maji chumvi kwa miaka, ilipochoka wakaipulizia rangi ya kopo wakaivalisha plastiki mpya wakaiweka sokoni. Sisi huku ziwa letu ni maji baridi, hatuna mazoea ya kuogopa kutu ya namna ile, ndo maana sikuwaza hata kuomba picha ya chini.

Tangu siku ile plastiki siangalii kwanza. Plastiki inabadilishwa kwa siku moja. Ukweli wa kwadi uko chini ya tumbo lake, uko ndani ya boksi la eya klina, na uko kwenye injini ambayo haijawashwa tangu jana yake. Haya twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua unataka ya nini na spea utatoa wapi

Kuna kwadi za kazi na kuna za michezo. Za kazi zina keria mbele na nyuma, nzito kidogo, injini inavuta taratibu ila ina nguvu hata ikizunguka polepole, nyingi zinatumia shafti badala ya cheni na zina revasi. Za michezo ni nyepesi, zinakimbia, cheni nyuma, na baadhi hazina hata revasi, sasa umeingia njia ya mbuzi umekutana na gema mbele utashuka uivute kwa mikono. Kwa matembezi ya kwetu, milima, mawe, makorongo ya mvua, mi nashauri ya kazi. Hutakimbia sana lakini utarudi nyumbani.

Ukubwa wa injini usidanganywe. Hizi ndogo za 110 na 125 zimetengenezwa kwa ajili ya watoto au mtu mwepesi kwenye tambarare, mtu mzima wa kilo 80 ukaipandisha mlima wa Kalinzi klachi inaanza kunuka kabla hujafika nusu. Mtu mzima tafuta 250 mpaka 420 hivi, inakutosha. Na kwakuwa nimetaja watoto niseme kabisa, kule Marekani kwadi ya saizi ya mtu mzima watengenezaji wanaiandika ni ya kuanzia miaka 16, sio kwamba wanabana, ni kwamba mtoto hana uzito wa kuihamisha ikianza kulala. Usimpe mtoto wa miaka kumi kwadi ya 250 kwasababu tu anajua kuvuta mafuta. Na zile za zamani za matairi matatu, za kuendeshea porini, sisemei toyo za mizigo, ukiona inauzwa achana nayo hata kama ni bei ya bure, Marekani waliacha kuziuza mpya mwaka 1988 kwasababu zilikuwa zinapindukia watu.

Sasa spea, hapa kaa kidogo maana ndo pa kuumizia. Za Kijapani, Honda, Yamaha, Suzuki, Kawasaki, injini inadumu sana. Honda TRX250 mfano, ile Recon, inapozwa kwa hewa, ya shafti, kitu cha kuharibika ni kidogo, ukipata iliyotunzwa inakaa miaka. Kawasaki Bayou 220 nayo hivyo hivyo. Ila kipuri chake Kigoma hukikuti dukani, utaagiza Dar au nje na utasubiri.

Za Kichina angalia injini ni ya ukoo gani. Nyingi za 150 mpaka 250 zenye gia zinatumia injini ya mtindo wa CG, ukoo ule ule wa injini za pikipiki nyingi za Kichina na hizi toyo za mizigo, silinda imesimama wima, gia unabadilisha kwa mguu. Hiyo fundi yeyote wa Mwanga hapa mjini anaifungua amefumba macho, na pistoni, ringi, sahani za klachi, kabureta, plagi unapata hapa hapa, unachotakiwa ni kwenda na ya zamani mkononi mlinganishe. Kuna zingine ni za mkanda kama skuta, GY6, silinda imelala, hamna gia, unavuta mafuta tu inaenda. Ni rahisi kuendesha ila mkanda ukikatika ukiwa Matyazo hamna wa kukuokoa, labda uwe umebeba wa akiba. Na ujue hata hiyo ya CG, bodi yake sio ya bodaboda, yaani boli jointi, tairodi, mikono ya mbele, eksele ya nyuma, hivyo vyote ni vya kuagiza. Kwahiyo kwa Mchina injini isikusumbue akili sana, sumbuka na miguu yake.

Hatua ya 2: Kabla hujapanda gari kwenda kuiona

Piga simu uliza vitu vichache tu. Ilikuwa ya nani kabla yake, ilikuwa inafanya kazi gani, kadi iko kwa jina la nani, oili imebadilishwa lini. Msikilize anavyojibu. Alafu mwombe picha tatu: ya chini akiwa ameinama, ya nambari ya chesisi, na ya kijiti cha oili kimepakwa kwenye karatasi nyeupe. Anayekataa picha ya chini mi huwa naishia hapo hapo, somo nililipia Mahembe.

Cha mwisho mwambie hivi: "Kaka naomba siku nakuja usiiwashe kabisa mpaka nifike." Akikubali vizuri.

Beba tochi, spana za 8 mpaka 17, spana ya plagi, kitambaa cheupe cha pamba, geji ya upepo inayosoma upepo mdogo, jeki au hata kreti la soda la kuwekea chini, na nguo ambazo hujali zikichafuka maana utalala chini. Na fundi nenda na wa kwako. Fundi wa muuzaji ni mtu wa muuzaji.

Hatua ya 3: Mkono kwenye injini

Ukifika, kabla ya salamu hazijaisha, weka kiganja kwenye silinda na kwenye bomba la ekzosi. Iwe baridi. Ikiwa ya moto au ya uvuguvugu ameipasha, na sababu ya kuipasha mara nyingi ni moja, asubuhi haiwaki au inawaka na moshi. Usigombane nae, mwambie tu unaenda kunywa chai na kuona ndugu, rudi baada ya masaa matatu manne.

Hatua ya 4: Lala chini

Kama kuna bamba la kukinga tumbo lifungue, ni boliti nne au sita. Juu ya lile bamba ndo tope linakaa mwaka mzima likiwa bichi na chesisi inaliwa taratibu. Piga tochi ufuate kila bomba kutoka mbele mpaka nyuma, na gonga na spana ndogo, bomba zima linalia "ting", lililoliwa linajibu "tup". Rangi mpya nyeusi chini tu wakati sehemu zingine rangi imechakaa, kwangua na ukucha wa spana sehemu moja iliyojificha uone kuna nini ndani. Kama kwadi imetoka Dar, Tanga, Zanzibar, popote pa pwani, fanya hili mara mbili, angalia na vichwa vya boliti na soketi za waya, chumvi inaacha ukoga wa kijani kwenye shaba na unga mweupe kwenye alminiamu.

Alafu tafuta michomeleo. Mchomeleo wa kiwandani unakwenda sawa mfululizo kama shanga. Wa mtaani una mabonge, umezungukwa na rangi iliyoungua. Mchomeleo wa keria au bampa sio shida, ni maisha tu. Ila mchomeleo pale mikono ya mbele inaposhika chesisi, pale nguzo ya usukani inapokaa, au kwenye vishikio vya injini, hiyo imegonga au imepinda, na hata ikinyooshwa vipi itakuwa inavuta upande. Mi siinunui. Ukitaka uhakika simama nyuma yake hatua kama kumi uchuchumae, utaona kama matairi ya mbele na ya nyuma yako mstari mmoja au imekaa kama mbwa anayekimbia upande upande.

Hatua ya 5: Boksi la eya klina

Kama una dakika tano tu za kukagua, zitumie hapa. Kwa Kigoma kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa vumbi letu ni laini kuliko unga wa sembe, linaingia popote, na kwadi inakaa chini chini karibu na matairi yake manne yote yanayotimua. Injini ikivuta lile vumbi ni sawa na kuisugua silinda kwa msasa, ringi zinaisha, inaanza kula oili, na hamna kitu kitakachokuonyesha kwa nje.

Toa siti, fungua lile boksi, toa eya klina. Eya klina chafu sio tatizo lenyewe, ina maana inafanya kazi. Nyingi ni za sponji na inatakiwa iwe na oili kidogo inanata, kama ni kavu kabisa inakatika katika kama mkate mkavu, au haipo, au kaweka kipande cha godoro, hapo anza kuhuzunika. Ila kipimo chenyewe ni kile kimpira kinachotoka kwenye boksi kwenda kwenye kabureta. Funga kitambaa cheupe kwenye kidole uingize ndani ya kile kimpira, upande wa baada ya eya klina, uzungushe, utoe. Kikitoka safi au na oili nyeusi kidogo, sawa. Kikitoka na wekundu, sugua kile kitambaa katikati ya vidole viwili karibu na sikio, ukisikia michanga inakwaruza basi hiyo injini imekula udongo na ukinunua nunua kwa bei ya injini ya kufanyia ovahoo.

Niliwahi kumsindikiza jamaa kwenda Kasulu kuangalia kwadi ya Kijapani, safi sana, ina kila kitu, mpaka muuzaji ana risiti za sevisi. Kitambaa kikatoka chekundu kama kimechovywa kwenye udongo wa tofali. Mwenye kwadi mwenyewe alishtuka, alikuwa hajui, kumbe aliyemfanyia sevisi alikuwa anaipuliza tu eya klina kwa upepo anairudisha bila kuikaza, pembeni imebaki mwanya wa kidole. Tukawasha, moshi wa bluu. Yule mzee alitupunguzia bei bila hata kuombwa, jamaa akainunua akafanya boringi na mpaka leo anaitumia.

Hatua ya 6: Oili zote, sio ya injini peke yake

Ya injini chomoa kijiti, paka kwenye kitambaa. Nyeusi ni kawaida. Yenye vumbi vumbi linalong'aa ni chuma kinasagika. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mpya kabisa ya dhahabu imewekwa jana yake, hapo jiulize ya zamani alikuwa anaificha nini, mwombe uione kama bado ipo kwenye dumu.

Sasa difu. Hapa kwetu ni muhimu kuliko sehemu nyingine maana kwadi zinatumika mwaloni, zinavuta mitumbwi, zinabeba magunia ya dagaa, zinasimama ndani ya maji mpaka juu ya rimu. Difu ina kipumulio, kimpira chembamba kinachopanda juu. Difu ikiwa ya moto ukaiingiza ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inanywea na difu inavuta, kile kipumulio kikiwa kimekatika au kimeziba inavuta maji kupitia kwenye sili. Fungua boliti ya kujazia difu ya nyuma, na ya mbele kama ni fowili, yaani inayovuta kwa matairi yote manne, ingiza kidole. Oili ya maziwa maziwa maana yake beringi na meno vimekaa kwenye maji, na difu ya kwadi sio kitu cha kuokota Mwanga. Muuzaji akikwambia "hiyo huwa haifunguliwi kaka", we fungua.

Maji ya redieta kama ipo yawe na rangi, kijani au nyekundu, yasiwe na utelezi wa oili juu. Mafuta ya breki yakiwa meusi kama kahawa yabadilishwe tu, sio kesi.

Hatua ya 7: Miguu

Inyanyue mbele iwe hewani. Shika tairi juu na chini, vuta na sukuma. Likicheza, ni boli jointi au beringi, mwambie fundi akodoe macho pale ndani wakati we unatikisa aone kinachocheza ni nini. Shika tena kushoto na kulia, likicheza hapo ni tairodi. Zungusha tairi sikiliza, beringi iliyokufa inasaga kama jiwe la mahindi. Kama ni ya shafti za mbele angalia vile vimpira vilivyokunjana kunjana kama kodiani, kikiwa kimechanika grisi imetoka na mchanga umeingia, jointi ile inahesabika imekufa hata kama bado haijalia.

Nyuma kwa zile za cheni, inyanyue, simamisha kijiti karibu na rimu, zungusha tairi polepole. Rimu ikiwa inasogelea kijiti na kukiacha, ama rimu ama eksele imepinda, badili uangalie eksele yenyewe karibu na kati, ikiwa inacheza duara basi ni eksele. Shika matairi yote mawili ya nyuma tikisa juu chini, ile kibebeo cha beringi katikati huwa kinaisha. Meno ya spoketi yakiwa yamechongoka kama ya papa, utanunua seti nzima na cheni, hiyo sio sababu ya kukataa, ni sababu ya kupunguziwa.

Matairi yanasomeka pembeni, mfano 25x8-12 ni urefu inchi 25, upana 8, rimu 12. Andika saizi zako kabla hujalipa, ulizia kama zinapatikana. Na upepo wakuu, upepo! Matairi ya kwadi yanataka upepo mdogo sana, nyingi ni psi 4 mpaka 7, imeandikwa kwenye kibandiko au pembeni ya tairi. Fundi pancha wa barabarani amezoea pikipiki anakujazia 30, linakuwa gumu kama mpira wa miguu, kwadi inadunda kila jiwe na inaweza kukurusha. Ukikuta kwadi imejazwa hivyo, punguza kwanza ndo uijaribu, la sivyo utalaumu shokapu bure.

Hatua ya 8: Iwashe

Sasa ndo iwashwe, na uwashe wewe, mwenye mali akae pembeni. Mtu asimame nyuma aangalie ekzosi. Moshi mweupe mwepesi wa asubuhi unaopotea ni mvuke, sawa. Wa bluu ni oili, ukitoka kidogo mwanzoni ukakata mara nyingi ni sili za valvu, ukiendelea kila ukivuta mafuta ni ringi. Mweusi ni mafuta mengi, kabureta, rahisi. Mweupe mzito usiokata kwenye yenye redieta, gasketi.

Iache isilensi, yaani iungurume yenyewe bila kuvuta mafuta, dakika kumi bila kuigusa. Sikiliza, tik tik nyepesi ya tapeti inarekebishika, kelele ya cheni ya ndani inayochakacha upande mmoja ni kazi kubwa zaidi, injini ikigonga kwa chini "gok gok" ukivuta mafuta ondoka. Zima, iwashe tena ikiwa ya moto, kuna zinazowaka baridi vizuri zikipata moto zinagoma, na utagundua ukiwa porini. Fundi wako akiwa na geji ya kompresha, ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, aipime pia, nyingi zikiwa nzima zinapita psi 120, ila kuna injini zina dikompresheni, yaani kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha ili kusaidia staata, zinasoma chini ya hapo, kwahiyo aijue injini kabla hajahukumu.

Hatua ya 9: Iendeshe, na upande nayo mlima

Vaa helmeti hata kama ni mita mia mbili. Usibebe mtu nyuma, nyingi zimetengenezwa za mtu mmoja na ukiweka wa pili mlimani mbele kunakuwa kwepesi kunanyanyuka.

Anza tambarare, achia usukani kidogo uone inavuta upande gani. Gia zote mpaka revasi. Funga breki ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake. Alafu tafuta mlima, Kigoma hapa milima hatukosi. Simama katikati ya mpando, weka breki ya kuegesha, achia, ishike. Ondoka pale pale kwenye mpando bila kupiga kelele nyingi, klachi ikiteleza utasikia injini inapanda sauti na kwadi haiendi, na kwenye za mkanda utasikia harufu ya mpira. Rudi chini kwa gia ndogo bila breki, injini ikushikilie. Kama ni fowili nenda kwenye mchanga laini wa mwaloni, weka fowili, mtu aangalie matairi ya mbele kama kweli yanachimba. Nimeona kwadi mbili ambazo swichi inawasha taa ya fowili vizuri kabisa na mbele hamna kinachozunguka.

Hatua ya 10: Makaratasi, na hili la huku kwetu

Nambari ya chesisi uisome kwenye chuma, sio kwenye kadi, mara nyingi iko kwenye bomba la mbele chini. Ilinganishe na kadi herufi kwa herufi, na pagusie kidole, pakiwa pamekwaruzwa au pamepigwa nambari upya acha. Zile za soko la Marekani nambari ina herufi 17, ya kumi inakwambia mwaka wa modeli, 1 ni 2001 mpaka 9 ni 2009, kuanzia 2010 wanatumia herufi, A ni 2010, B ni 2011, na kuendelea. Ya kwanza ikiwa J ni Japani, L ni China. Muuzaji akisema ya 2012 na ya kumi ni 4, unajua cha kumwambia.

Mkoa wetu una mashirika mengi ya wakimbizi na misheni, na kwadi nzuri nyingi zinatokea huko kwenye minada. Zinakuwa zimetunzwa kweli. Ila nyingi ziliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na kitu cha msamaha kikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, ushuru unadaiwa. Kwahiyo nenda na nambari ya chesisi ofisi ya TRA uulize hali yake kabla hujatoa hata mia, wakwambie na usajili unakaaje. Na hizi zinazovuka Manyovu kutoka Burundi au zinazoshushwa na boti kutoka Kongo bila karatasi za forodha, usiguse, itakamatwa na we mwenyewe utaingia ndani. Mauziano yafanyike kwa wakili, mkataba uwe na nambari ya chesisi na ya injini, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, na polisi wakuangalizie kama haina kesi ya wizi.

Bei, na wiki ya kwanza

Usipunguze bei kwa kulia lia. Andika kila ulichokikuta kwenye karatasi, matairi mawili, boli jointi, spoketi na cheni, pigia simu duka uulize bei pale pale mbele yake, jumlisha, toa kwenye bei yake. Mtu muungwana anaelewa. Alafu nje ya hapo bakisha mfukoni kama theluthi ya bei ya kununulia, kwadi ya mtumba lazima itaomba kitu mwezi wa kwanza. Kama inatoka Dar kumbuka na usafiri, ni zaidi ya kilomita 1,200, ifungwe vizuri na mafuta yatolewe kwenye tenki.

Ikifika nyumbani badilisha oili ya injini na za difu zote hata kama ameapa, osha eya klina kwa sabuni ikauke uipake oili yake, piga grisi kila chuchu, kaza nati za rimu na boliti za miguu. Tembea nayo mjini siku mbili tatu, kaza tena.

Safari ya kwanza ya mbali nenda mpaka Mwandiga tu. Simama, zima, zunguka matairi yote manne uweke kiganja katikati ya kila rimu. Yote yawe na joto linalolingana. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, breki inashika au beringi inakufa, rudi nayo polepole Mwanga ikatengenezwe, Kalinzi utapanda wikiendi ijayo.